Klabu 17 kwenye orodha, tatu zinazokutana: jibu kwa mwalimu mlezi

"Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na Historia katika sekondari ya wasichana ya bweni, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, wanafunzi kama 640. Mwaka huu mkuu wa shule amenikabidhi klabu zote. Kwenye orodha ziko 17. Zinazokutana kweli ni tatu. Februari wasichana wanajiandikisha mpaka daftari linajaa, ikifika Aprili unabaki na mwenyekiti na katibu wake. Kwenye mdahalo wanasema wale wale watano. Klabu ya sayansi inasema haina vifaa. Mwalimu wa taaluma ananiambia wazi kwamba klabu zinakula muda wa kusoma. Je, nizifanye ziwe za lazima? Au wasichana wetu hawana mwamko tu?"

Mwalimu, nianze na hilo swali la mwisho, maana ukilikosea hilo mengine yote yataenda mrama. Mwamko wanao. Asiye na mwamko hajazi daftari Februari. Swali la kujiuliza ni hili: walipokuja, walikuta nini?

Kwa kawaida huwa hivi. Mkutano wa kwanza ni uchaguzi. Wa pili, mwenyekiti anatoa hotuba na katibu anasoma katiba iliyonakiliwa kutoka klabu nyingine. Wa tatu, mlezi ana kikao ofisini. Wasichana wanakaa darasani dakika 40, wanapiga soga, wanatawanyika. Wa nne unaangukia wiki ya majaribio ya kati ya muhula, unaahirishwa. Kisha likizo fupi ya Pasaka. Wakirudi, msichana anajiuliza amekosa nini kwa kutokwenda, na jibu la haki ni kwamba hajakosa kitu. Hana sababu ya kurudi. Kinachoua klabu za shule, nyingi sana, ni kukosa kazi yenye tarehe: kitu kinachotengenezwa kwa mikono ya wanachama na siku inayojulikana ambayo lazima kionekane mbele ya watu.

Sasa utazame muda wake. Msichana wa bweni anaamka saa 11 alfajiri, kuna usafi, paredi, vipindi mpaka alasiri, masomo ya ziada, chakula, prepu ya usiku. Katikati hapo kuna saa moja au mbili ambazo ndizo za kufua, kuoga na kuchota maji. Kama bomba la bwenini hutoa maji saa 10 hadi saa 12 jioni, na wewe umeweka klabu Jumatano saa 10:30, umemlazimisha achague kati ya klabu na sare safi ya Alhamisi. Atachagua sare, na mwalimu wa zamu atakuwa amemsaidia kuchagua. Kabla hujapanga siku, kaa na matroni na dada mkuu kwa nusu saa, wakueleze maji yanatoka lini na foleni inaisha saa ngapi. Muulize matroni pia kama ana akiba ya taulo za kike zinazopatikana bila kuandikwa jina kwenye daftari la mtu. Kwenye mazoezi ya Girl Guides, ngoma au michezo, wapo wanaokosa siku tatu au nne kila mwezi kwa sababu hiyo tu, nasi tunawaita wavivu.

Halafu hiyo orodha ya 17. Nadhani ukiichambua utakuta mambo ya aina tatu yamechanganywa. Jumuiya za dini kama UKWATA, TYCS na TAMSYA si klabu za kusimamiwa nawe. Zina siku zao, walezi wao na utaratibu wao, ziondoe kwenye hesabu. Serikali ya wanafunzi nayo si klabu. Klabu za somo moja moja, Kemia peke yake, Biolojia peke yake, Jiografia peke yake, ziunganishe. Ukimaliza kuchambua, usihesabu vyumba wala majina mazuri, hesabu walimu ambao wakisema watakuja wanakuja. Ukiwapata saba, una klabu saba. Kila moja isizidi wanachama 40, maana zaidi ya hapo wengine wanageuka watazamaji. Hizo nafasi 280 zinatosha sana: Kidato cha Nne hawatakuwamo sana, na wa Pili na wa Tatu hawatakuja wote.

Kuhusu lazima au hiari, pande zote mbili zina hoja. Ukiifanya lazima kwa wote, mahudhurio yatapendeza kwenye ripoti, lakini utakuwa umegeuza klabu kuwa kipindi kingine chenye adhabu, na wale 20 waliokuwa na hamu watazama ndani ya 60 waliokuja kwa kuogopa fimbo. Ukiiacha hiari kabisa, watakaojitokeza ni wale ambao tayari wana ujasiri, hasa waliotoka shule za msingi zenye klabu na mijadala; aliyetoka shule ambayo hakuwahi kusimama mbele ya mtu hataingia mwenyewe. Njia ninayoipendekeza ni ya katikati. Kidato cha Kwanza peke yao, kwa wiki nne tu, wapite lazima kwenye klabu nne kati ya saba, wiki moja moja, wakifanya kazi halisi na si kusikiliza maelezo. Wiki ya tano achague moja, au akae nje, bila kuulizwa. Wa Pili na wa Tatu wawe wa hiari tangu mwanzo.

Uongozi nao una mtego ambao shule nyingi hazijauona. Vyeo vyote hupewa Kidato cha Nne kwa heshima ya ukubwa. Lakini hao wana mtihani wa utamilifu katikati ya mwaka na mtihani wa taifa Novemba. Kuanzia Julai hawako nawe. Kidato cha Pili nao wana upimaji wa taifa mwezi huo huo wa Novemba. Anayebaki bila mtihani wa taifa ni wa Kwanza na wa Tatu. Kwa hiyo mwenyekiti, katibu na mweka hazina wawe wa Kidato cha Tatu, wasaidizi wao wa Kwanza, na wa Nne wawe washauri hadi Juni. Warithi uwachague Agosti kutoka Kidato cha Pili, wakae pembeni ya wenye vyeo wakitazama, waanze kazi Januari wakiwa wa Tatu. Ukingoja kuchagua Januari, utarudi kwenye ule ule uchaguzi wa Februari. (Kwa shule zenye Kidato cha Tano na cha Sita hesabu ni nyingine: wa Tano wanaripoti Julai na wa Sita wanafanya mtihani Mei, basi mwaka wa uongozi huenda Agosti hadi Machi.)

Na uchaguzi usiwe mkutano wa kwanza. Uwe wa nne au wa tano, baada ya watu kuonana wakifanya kazi. Mnenaji mzuri na mchapakazi ni watu wawili tofauti, na wiki ya kwanza anayeonekana ni mnenaji tu.

Nikae kidogo kwenye mdahalo, kwa kuwa ndiko unakofundishia. Wale wale watano wanasema kwa sababu tatu zinazoshikana. Ukumbi una wasikilizaji 300 na kicheko kimoja cha mtu aliyekosea Kiingereza kinafunga midomo ya mwaka mzima. Msemaji anachaguliwa siku hiyo hiyo, hivyo atakayekubali ni aliyezoea. Na mada zenyewe zimechosha: elimu ni bora kuliko pesa, maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Hizo wazazi wao walizijadili, na hoja zake kila mtu anazo kichwani. Hakuna cha kufikiri.

Uhame ukumbini. Gawa wanachama 36 katika makundi matatu ya 12, kila kundi na darasa lake. Wasemaji sita, watatu kila upande; Spika mmoja; mtunza muda mmoja; katibu mmoja; waamuzi watatu. Hakuna aliyekaa bure, na wiki inayofuata nafasi zinazunguka, kwa hiyo ndani ya wiki mbili kila msichana amesimama. Mada itolewe siku tatu kabla, pamoja na upande, ili apate kuandika. Kila msemaji dakika tatu, mtunza muda akigonga meza zikifika dakika mbili na nusu. Wa kwanza anafafanua mada na kutoa hoja mbili. Wa pili anaanza kwa kujibu hoja moja ya wapinzani, kisha anatoa yake. Wa tatu haruhusiwi kuleta hoja mpya. Kazi yake ni kujibu na kueleza kwa nini upande wake umeshinda. Hapo ndipo utajua nani alikuwa anasikiliza.

Alama ziandikwe ubaoni kabla hawajaanza: hoja na mifano 40, kujibu wapinzani 30, mpangilio 20, sauti na mkao 10. Kiingereza kisiwe na alama zake peke yake, la sivyo waamuzi watatoa zote huko. Wiki nne za mwanzo mdahalo uwe kwa Kiswahili. Najua shule itakuuliza kwa nini, na wewe ni mwalimu wa Kiingereza. Lakini anayejifunza kupanga hoja na anayejifunza lugha ngeni kwa wakati mmoja, mbele ya watu, ataacha vyote viwili. Akishazoea kubisha kwa Kiswahili, wiki ya tano hotuba iliyoandikwa iwe kwa Kiingereza na majibu ya papo kwa papo yabaki Kiswahili. Wiki ya nane vyote Kiingereza. Utaratibu wa Bunge wanaujua kwenye redio na televisheni, uutumie: "Taarifa, Mheshimiwa Spika" moja kwa kila upande, isizidi sekunde 15, na msemaji anaweza kuipokea au kuikataa. Huo ndio utamu wenyewe. Mada ziwe zenye watu wanaoumia kila upande: simu ziruhusiwe bwenini Jumamosi, majaribio ya kila wiki yafutwe, kiranja achaguliwe na wanafunzi peke yao bila walimu. Mada ya tatu mweleze mkuu wa shule mapema, asiisikie kwa jirani.

Klabu ya sayansi isiyo na vifaa huwa ni klabu inayongoja maabara. Mpe mlezi wake kazi hii ya maji na sabuni, inayotoka bwenini moja kwa moja. Kila msichana anajua kwamba maji ya kisima hayatoi povu kama ya mvua. Wachache wamewahi kupima. Kwangua gramu 5 za sabuni ya mche, yeyusha katika mililita 250 za maji ya mvua ya vuguvugu, acha ipoe. Tafuta chupa za plastiki za nusu lita zinazofanana, suuza kwa maji ya mvua. Kila chupa tia mililita 100 za maji unayopima: ya mvua, ya bomba, ya kisima, na ya kisima yaliyochemshwa dakika 10 yakapoa na kuchujwa kwa kitambaa. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ongeza maji ya sabuni mililita 1, funga, tikisa sekunde 10, tazama kama povu limedumu dakika moja nzima. Halijadumu? Ongeza 1 nyingine. Andika jumla. Rudia mara tatu kwa kila aina ya maji, chukua wastani.

Sababu ni madini ya kalisi na magnesi: yanashika sabuni kwanza na kuifanya utando mweupe usioyeyuka, ule unaoganda pembeni mwa beseni, na povu halitokei mpaka madini yaishe. Kama maji yaliyochemshwa yamehitaji sabuni kidogo kuliko yale mabichi, ugumu wake, yaani huko kugoma kutoa povu, ni wa muda, unaotokana na bikaboneti. Kama hakuna tofauti, ni wa kudumu. Hii iko kwenye Kemia yao ya sekondari, mwalimu wa taaluma hatakuwa na la kusema. Yanayoharibu jaribio ni machache. La kwanza ni kutumia sabuni ya unga: hiyo imetengenezwa ifanye kazi hata kwenye maji magumu, tofauti haitaonekana. La pili ni kubadilisha mtikisaji katikati, maana mikono haifanani nguvu. La tatu ni kupima maji ya moto na ya baridi pamoja. Wakimaliza, wapige hesabu: bweni la wasichana 80 linapoteza miche mingapi ya sabuni kwa muhula kwa kufulia kisimani? Hiyo tayari ni mada ya kupeleka kwenye Young Scientists Tanzania, mashindano ya sayansi ya sekondari yaliyoanzishwa mwaka 2011, ambako swali zuri linaloshughulikia tatizo la kwenu lina uzito kuliko kifaa cha bei.

Klabu nyingine nitazipitia haraka. Gazeti la ukutani ni rahisi kuliko yote: karatasi nne za manila, toleo kila wiki ya pili, siku ile ile. Girl Guides na Msalaba Mwekundu zina ngazi na mafunzo yao yaliyoandaliwa, usiyabuni upya. Tafuta viongozi wao wa mkoa. Ya mazingira inaweza kujiunga na Malihai, mtandao wa klabu za uhifadhi uliopo tangu 1980, au Roots & Shoots, ambayo ilianza Dar es Salaam mwaka 1991 kwa vijana 12 walioketi barazani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, wakimweleza yaliyowasumbua mitaani kwao. Ila uwe macho na mashirika yanayokuja na fulana na bango, yakaanzisha klabu kwa mradi wa miezi 18. Fulana zipokee. Klabu iwe na kazi yake ambayo itaendelea gari la mradi likiacha kuja.

Klabu ya maigizo inastahili neno la ziada kwa shule ya wasichana. Mwaka 1996, Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme, ambamo wasichana wenyewe wanataja tatizo, wanalichambua, wanaliigiza mbele ya shule, kisha wanakubaliana na walimu hatua za kuchukua. Hatua ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Wakiigiza kuhusu choo kisicho na mlango na mlango usiwekwe, mwaka ujao hawatasema kitu, nao watakuwa na haki.

Njia hiyo ina jambo zito nalo: itatokea siku msichana akasema, au akaigiza, jambo lililompata kweli. Kushikwa, kutishwa, kufanywa vibaya nyumbani au shuleni. Hapo klabu imefika mwisho wake na wewe unahitaji mtu mwingine. Usimhoji mbele ya wenzake, usimwahidi siri, usiandike jina lake kwenye daftari la klabu. Mpeleke siku hiyo hiyo kwa mwalimu wa ushauri nasaha au mkuu wa shule. Kama anayetajwa ni mtu wa ndani ya shule, nenda moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116. Ayajue hayo kila mlezi kabla ya mkutano wa kwanza.

Mwalimu wa taaluma usimfanye adui. Hoja yake ina ukweli: klabu isiyo na kazi inakula muda kweli. Usimwahidi kwamba klabu zitapandisha ufaulu, maana huna namna ya kulithibitisha hilo. Mpelekee karatasi moja: mikutano kumi kwa muhula, dakika 60 kila mmoja, hakuna klabu wiki ya majaribio wala wiki inayotangulia, inafungwa saa 11:30 hata kama mdahalo umenoga. Mwombe yeye akuchagulie tarehe mbili za maonyesho, moja Mei kabla ya kufunga, nyingine kwenye mahafali ya Kidato cha Nne. Tarehe akiziweka mwenyewe, hatazifuta kirahisi.

Fedha zipitie ofisini kwa mhasibu, kwa stakabadhi, hata kama ni shilingi 500. Tangu ada ifutwe kwenye shule za serikali mwaka 2016, michango inatazamwa kwa jicho kali. Usichangishe chochote bila kibali cha maandishi cha mkuu wa shule. Na kamwe fedha ya klabu isilale kwenye tranka la mweka hazina bwenini. Ikipotea, utakuwa na upekuzi, machozi, na msichana atakayeitwa mwizi mpaka amalize shule. Safari ya mdahalo kwenye shule nyingine vivyo hivyo: ridhaa ya mzazi kwa maandishi, mwalimu wa kike angalau mmoja kwa wasichana 15, orodha ya majina mbili, moja kwa dereva na moja getini, na kurudi kabla ya saa 12 jioni.

Kwa kuanza, wiki hii acha orodha ya 17 ilivyo, usitangaze kufuta kitu. Zichukue zile tatu zilizo hai, kila moja uipe kazi yenye tarehe. Nyingine nne ziingie muhula wa pili, walezi wake wakiwa wamekuja kwanza kutazama. Ukitaka kuona kabla ya kufanya, muulize Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri yenu ni shule gani jirani yenye klabu inayofanya kazi, kisha nenda siku ya mkutano wa kawaida. Ukienda siku ya wageni utaonyeshwa nyimbo za kukaribisha. Chukua na mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu, na umwachie yeye daftari la kuandikia.